Gumba la Fundi Yaqoub

"Fumua," alisema Fundi Yaqoub.

Ilikuwa mara ya saba. Hakuitazama hata kazi yenyewe. Alipitisha gumba lake juu ya mshono, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa, kisha akairudisha ile ngozi mezani.

Apolinaria akaivuta ile ngozi kwake. Kwa miaka thelathini na miwili yeye ndiye aliyekuwa na kalamu nyekundu, kuanzia Kaliua mpaka Tabora mjini. Sasa amestaafu, anakaa kwenye kigoda ndani ya kibanda cha ngozi mtaani Ng'ambo, darasa la jioni, na mzee ambaye babu zake walishonea misafara ya Ujiji mikoba anamwambia fumua.

"Nimekosea wapi, fundi?"

"Mkono wa kulia unavuta, wa kushoto unasinzia. Uzi mmoja, sindano mbili, mwalimu. Zote zipite tundu moja, zote zivutwe sawa. Fumua."

Kazi yenyewe ilikuwa jalada la Biblia kubwa ya jumuiya. Alisimama mbele ya wanajumuiya wote akaahidi kulishona kwa mkono wake mwenyewe, na padri angelibariki Jumapili. Lakini pale kibandani kazi haikuhesabiwa kuwa imekwisha mpaka Fundi Yaqoub aigonge muhuri wake mdogo wa chuma pembeni. Na muhuri haukutoka kwenye kopo lake mpaka gumba liridhike.

Jumatatu hiyo Apolinaria alisali rozari nzima akiomba subira. Subira haikuja.

Jumanne asubuhi aliifunga ngozi iliyofumuliwa ndani ya khanga. Akachukua na chupa ya asali kutoka mizinga ya kaka yake kule Kaliua, aliyoiziba mwenyewe kwa gunzi la muhindi lililoviringishwa kipande cha kitenge chake cha kuku wa bluu. Akaenda sokoni kwa Mussa, mshona viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nishonee hii. Na usimwambie mtu."

Mussa aliipima unene kwa vidole. "Mashine yangu itavunja sindano hapa. Ila usiwe na wasiwasi, itashonwa tu kwa mkono. Njoo Alhamisi." Macho yake yakaangukia chupa. "Na hiyo?"

"Ndiyo malipo."

"Basi njoo Alhamisi mapema."

Alhamisi mshono ulikuwa umenyooka kama reli. Apolinaria aliutazama akaona wivu na aibu kwa pamoja. Jioni aliuweka mbele ya fundi.

"Umeshona mwenyewe, mwalimu?"

"Mwenyewe."

Ulikuwa uongo. Juu ya Biblia! Bwana, nihurumie, alisema moyoni, Jumamosi nitaungama.

Gumba likapita. Likarudi. Safari hii mzee alikaa na ile kazi muda mrefu, mpaka Raymundi, mwanafunzi mwingine, akaacha kupaka uzi nta ili asikilize.

"Aliyeshona hapa," alisema fundi, "mawazo yake hayakuwa kwenye kazi. Fumua."

"Yote?"

"Yote. Hapa hapa, nione."

"Mwalimu," alinong'ona Raymundi, "karibu tena darasa la kwanza."

Apolinaria alifumua huku maneno ya ahadi yake yakimrudia kichwani. Siku tatu zimebaki, hapana, mbili na kipande. Asali imekwenda, uongo umesemwa, na jalada limerudi kuwa vipande viwili vya ngozi vyenye matundu.

Ijumaa alimfuata Mussa sokoni kabla hajafungua vizuri.

"Umenishonea ovyo!"

"Ovyo? Nani kasema?"

"Fundi Yaqoub. Kapitisha gumba tu, kasema nifumue yote."

Mussa alicheka mpaka akashika mashine asianguke. "Fundi Yaqoub kasema hivyo? Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake?"

"Unacheka nini? Nina siku mbili!"

"Nisamehe, mama," alisema Mussa akifuta machozi. "Nenda tu kashone. Mimi sina la kukusaidia."

Basi akashona. Aliweka upya alama kwa uma wa jikoni, akapaka uzi nta, akabana ngozi katikati ya magoti. Msharasi ulitoboa, sindano ya kulia ikapita, ya kushoto ikafuata tundu lile lile. Alikuwa na hasira na Mussa, na gumba la yule mzee, na nafsi yake, na hasira ile ikavuta uzi kwa mikono yote miwili. Ncha ya msharasi ilimchoma mara mbili. Kila alipochomwa alisema Salamu Maria, akaendelea.

Jumamosi jioni, akiwa ametoka kuungama, aliliweka jalada mezani. Kona moja ilikuwa imepinda kidogo, aliijua, hakuificha.

Gumba likapita. Likasimama kwenye ile kona, likaivuka. Fundi Yaqoub akafungua kopo, akatoa muhuri, akaugonga kwa nyundo, mara moja tu.

Apolinaria hakufurahi kama alivyotarajia.

"Fundi, ile ya Alhamisi ilikuwa imenyooka kuliko hii. Na kuna neno nataka kukuambia."

"Kunywa kwanza kahawa." Akammiminia kikombe. "Najua huiwezi chungu. Weka asali."

Akanyoosha mkono nyuma ya kalibu za viatu, akatoa chupa, akachomoa gunzi la muhindi lenye kitenge cha kuku wa bluu.

"Ya Kaliua hii," alisema. "Mussa alinilipa Jumatano."