Cheo cha Leo

Tangu vyeo vya serikali vianze kugawiwa kwa kura kila alfajiri, nyumbani kwa Mize ilikuwa vurugu tupu. Leo kisanduku cha ukutani kilimtangaza yeye mudiri, na mumewe Shaali liwali.

"Liwali ndiye mkubwa, Mama Nuhu. Kachemshe chai."

"Mkubwa wa wapi, Baba Nuhu? Mudiri ana eneo lake, na jiko limo humo!"

Hata hawajaelewana, kisanduku kikatangaza kura ya mwisho ya nyumba hiyo: gavana ni Nuhu, mtoto wao wa miezi mitatu. Nuhu akaangua kilio.

"Amri imepokewa," kisanduku kikajibu.

Nje, milango ya mtaa mzima ikaanza kujifunga yenyewe. Mize akabaki amemkodolea macho mwanawe, hajui amnyonyeshe au ampigie saluti.