Udongo Chini ya Kitanda cha Mama

Ritha alilifuta jiwe lililokuwa chini ya kitanda cha mama yake, mahali pake akaandika udongo. Akatazama mlangoni. Hakuna mtu. Akaendelea na shimo la pili.

Kazi aliyopewa ilikuwa halali. Machimbo ya chokaa nje ya mji wa Tanga yalikuwa yamenunua programu mpya ya kupanga uchimbaji, na yeye, mjiolojia wao, ndiye aliyetakiwa kuilisha habari za ardhi. Kila mahali palipotobolewa kwa uchunguzi, aandike chini kuna nini: jiwe zuri la kutengenezea saruji, au udongo usiofaa. Programu ingeikata ardhi yote vipande kama matofali, jiwe rangi ya kijani, udongo nyekundu, kisha ichore wapi pachimbwe na lini.

Mara ya kwanza aliilisha kweli tupu. Nayo ikamchorea mpaka wa shimo la machimbo uliopanda hadi Kambi ya Juu, kwenye vijumba vya zamani vya wakata mkonge, na kuimeza nyumba ya mama yake katika mwaka wa tatu.

Mama yake, Consolata, alikuja pwani akimfuata mumewe kutoka Songea. Shamba la mkonge lilipofungwa, majirani wakahama mmoja mmoja. Yeye akabaki peke yake, kwa kuwa mumewe alikuwa amelala nyuma ya jiko, chini ya msalaba wa saruji. Ritha alipomgusia habari ya kuhama, bibi huyo hakupandisha hata sauti.

"Mwanangu, mimi nimeshahama mara moja. Ya pili mtanibeba kwenye jeneza."

Si maneno ya kutisha watu. Ritha alimjua mama yake. Tangu siku ile Ritha chakula kilikuwa hakimpiti kooni, na chumbani kwake mjini, mtaa wa Ngamiani, alikuwa akilala macho. Alimwendea Injinia Zubeiri, mkuu wa mipango, akamwomba wauache ule upande, ila hakuthubutu kusema anayeishi kule ni nani, asije akanyang'anywa kazi ile. Zubeiri hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na yake yaliyomkaba. Bonde walilokuwa wakimwagia kifusi, ule udongo usiofaa, lilikuwa limejaa hadi juu, malori yamepanga foleni na udongo mgongoni, na huku kiwanda kinadai mawe. Alimjibu kwa uchovu kwamba programu haina mama wala shangazi. Penye jiwe patachimbwa.

Ritha aliondoka na maneno hayo kama mtu aliyeokota ufunguo. Ikiwa penye jiwe patachimbwa, basi pasipo na jiwe hapachimbwi.

Mfa maji haachi kutapatapa. Yeye ambaye maishani mwake hakuwahi kudanganya hata umri wake, alikaa akayageuza mashimo yote ya uchunguzi yaliyoizunguka ile nyumba, moja baada ya jingine. Akigundulika kazi hana, na pengine polisi wanamngoja. Tena hakupunguza jiwe kidogo kidogo kama mwizi mwenye akili. Alipafanya udongo mtupu, kuanzia juu hadi chini kabisa, asije mtu akashawishika kupajaribu.

Akaiamuru programu ichore upya. Mpaka wa shimo ukapanda, ukaikaribia Kambi ya Juu, ukakata kona, ukaenda zake.

Ritha akalia pale pale kwenye kiti. Akampigia mama yake simu, akamwambia apande mihogo yake bila wasiwasi, shimo halitafika kwake. Consolata akamshukuru Mungu, kisha akamuuliza mbona sauti imekauka hivyo, amekula?

Zubeiri aliingia baada ya chakula cha mchana. Akavuta kiti, akaitazama ile sehemu nyekundu kwa muda mrefu mno. Akaikuza. Akaizungusha, akaichungulia kwa chini.

"Huku kote hakuna jiwe? Una hakika?"

"Hakuna, Injinia."

"Hata chini kabisa?"

"Udongo mtupu. Naapa."

Zubeiri akashusha pumzi. Kisha akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika, akampigapiga begani.

"Mungu akupe maisha marefu, dada Ritha. Kifusi hakimwagwi juu ya jiwe, na mimi nimetafuta mahali pasipo na jiwe mpaka nimekonda." Akabonyeza kitufe, na kwenye kioo cha kompyuta, tofali juu ya tofali, mlima ukaanza kuota juu ya nyumba ya Consolata. "Yule bibi wa pale ataondolewa kesho. Malori yanaanza Jumatatu."