Kupalilia Kaburi la Baba

Tangu iamriwe kwamba udongo wote wa wazi ufunikwe, hata kaburi la baba, pale nyuma ya jiko letu, lina nyasi za plastiki. Nilizitandika mwenyewe kama kazi ya vitendo ya chuo cha utunzaji wa viwanja, na mkufunzi aliisifu gundi yangu. Alivuta kwa nguvu, hakuna uzi uliong'oka.

Mama bado huenda kupalilia kila Jumamosi, kama alivyozoea. Hupiga magoti, akapapasa, akarudi mikono mitupu.

"Mama, pale hapaoti kitu tena," nilimwambia.

"Naona. Sasa baba yako nimfanyie nini?"

Chuoni hilo hatukufundishwa. Ijumaa, mama alipokwenda sokoni, nilichukua kisu cha kazi nikalegeza nyuzi chache upande wa kichwani. Wakaguzi wa chuo wakigundua, cheti sitakipata.

Kesho yake alirudi kutoka kaburini na konzi ya plastiki ya kijani, uso umetulia kidogo. Akaitupa jaani, akanawa, akaketi kumenya ndizi.

"Wiki ijayo," akasema bila kunitazama, "legeza na za miguuni."