Kiti cha Mwalimu Eufemia

Walimzawadia kiti cha mninga kilichopakwa vanishi, wakamvisha shada la maua ya karatasi, wakamketisha mbele ya kwaya aliyoiongoza tangu ujanani.

"Sasa pumzika, Mwalimu Eufemia," alisema mwenyekiti wa kamati. "Wimbo huu tunakuimbia wewe."

Shija, mwanafunzi wake aliyemfundisha kinanda, tarumbeta na ngoma, alisimama mahali pa Mwalimu akainua mikono. Kwaya ikaanza, tena kwa kujiburuta. Wimbo wa shukrani ukawa kama wa maziko.

Mwalimu alivumilia ubeti mmoja. Kisha akavua shada, akampa mwenyekiti.

"Nishikie."

"Mwalimu, tafadhali. Umeshaagwa."

"Nyie ndio mlioaga. Mimi sijamuaga mtu."

Akavua kiatu, akaanza kugonga mkono wa kiti kwa kisigino cha kiatu hicho, mapigo yaleyale aliyozoea kuwagongea kwenye madawati. Besi ziliamka kwanza, halafu soprano zikafuata. Vanishi mpya ikabanduka vipande vipande, naye akazidi kugonga.

Shija akageuka kumtazama. Akashusha mikono, akainama, akaanza kufungua kamba za kiatu chake.