Kashata za Kisu

Kipupwe kilipoingia na manyunyu yake, barabara ya mlimani ilianza kuteleza. Zamda akasimamisha gari lake dogo kwenye duka la tairi.

"Chukua hizi mpya, dada," muuzaji Kigwe alisema. "Gari lako dogo, linataka kashata nene za kushika matope."

Zamda alipitisha ukucha kati ya kashata, yale meno ya tairi. Unga mweusi ukamganda kidoleni.

"Tairi hii ilikuwa kipara. Umeichonga kwa kisu."

"Kama hujui tairi, mlete mumeo."

"Mume wangu tulimzika kipupwe kilichopita. Alitoka hapa na tairi nne mpya."

Zamda akamtupia ufunguo.

"Zifunge zote nne. Kisha endesha wewe, tupande mlima."

Ukungu ulikuwa umeshaumeza mlima.