Sanduku la Kushoto

Kamaludin alipiga magoti chini ya meza, akaokota kijipande cha karatasi kisichozidi punje ya ufuta. Akakipuliza vumbi, akakibeba kwa ncha ya kidole, akarudi kitini. Wenziwe walikuwa wameitika adhana ya adhuhuri. Yeye alisema atawafuata.

Mezani palikuwa na kadi ya mwanawe.

Haikuwa na jina. Kadi za jeshi zilikuwa na matundu tu, safu kwa safu, na matundu hayo ndiyo nambari ya askari. Lakini kabla ya vita Kamaludin alikuwa mshona kofia, fundi wa kofia za viua, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi kwa sindano, mtaa mzima wa Bondeni ukimjua. Matundu aliyasoma kwa vidole. Na vidole, maskini, vilimwambia wakati ameshatoboa.

Kazi yenyewe aliipata kwa ajili ya vidole hivyo. Karani Seth, mtu wa Freretown, ndiye aliyeiendesha mashine ya kadi kule Kilindini. Siku moja aliitazama kofia ya Kamaludin, akacheka. "Mzee, miezi mitatu unatoboa nguo upate kofia moja? Njoo utoboe karatasi."

Mashine ilikuwa kubwa kama kabati la bibi harusi. Ubavuni ilikuwa na ubao wa nyaya. Seth akichomoa waya huu, akichomeka ule, ndivyo mashine ilivyoambiwa la kufanya. Bila ubao ule ilikuwa chuma tupu. Ikishaambiwa, haisahau wala haibishani. Kadi yenye tundu la tisa katika safu ya mwisho iliangukia sanduku la kushoto. Nyingine zote, la kulia.

"Huko kushoto ndiko wapi?" Kamaludin aliwahi kuuliza.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," Seth akamjibu. "Hivi ni vita, mzee. Mimi naambiwa nyaya, wewe waambiwa matundu. Mashine nayo haimjui mtu, yajua tundu tu."

Kamaludin hakuuliza tena. Muislamu gani asiyejua habari ya mtu kupewa kitabu chake kwa mkono wa kushoto Siku ya Kiyama? Hata hivyo hakutaka kumdhania mtu mabaya, akangoja aone. Jumatatu moja akatoboa tundu la tisa kwenye kadi ya Thoya, kijana wa Kibarani, ambaye mamake alikuwa amempa Kamaludin nambari ya mwanawe amtazamie. Kisha mama yule akaletewa barua: Thoya amefariki kambini, bara, Jumatano. Wiki ile ile. Tundu Jumatatu, mauti Jumatano.

Tangu hapo alilijua tundu la tisa. Halikuwa habari ya kifo. Lilikuwa hukumu yake, nayo ilitangulia.

Leo orodha ya tundu la tisa ilikuwa na nambari sita. Ya kwanza ilikuwa ya Jefwa, mwana wa Kanze muuza nazi wa Mwembe Tayari, ambaye naye alimpa nambari. Ya tatu ilikuwa ya Athmani, mwanawe mwenyewe.

Akafungua kikebe cha wanga, ule wa kukazia kofia zake. Akapaka kidogo, akakirudisha kijipande tunduni, akakilaza kwa ukucha mpaka kidole hakikuhisi kitu. Kazi safi. Kadi ya Jefwa aliitazama pia. Wanga ulikuwepo, na vijipande vilijaa sakafuni. Lakini matundu mawili yakikosekana Seth angegundua, na mwana wa mtu ni mwana wa mtu. Akaiacha.

Alasiri mashine ikazimeza kadi. Ya Jefwa ikaenda kushoto. Ya Athmani ikaenda kulia. Kamaludin alidhani atafurahi, au ataona haya. Hakuona lolote. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, na mikono ikaendelea kutoboa.

"Mwanao mzima," alimwambia mkewe Mwanaesha jioni ile. Mwanaesha akamshukuru Mungu, akamwekea chakula. Tangu siku hiyo Kamaludin akawa hapiti tena Mwembe Tayari, asije akaonana na Kanze. Angemwambia nini?

Mwezi wa pili yake mji ukaanza kunong'ona. Meli ya askari waliokuwa wakipelekwa vitani Bama, ng'ambo ya bahari, imepigwa, imezama, waliookoka wahesabika. Vilio vikapanda nyumba hii na ile. Mwanaesha akaja amejishika kichwa. Kamaludin alikuwa barazani anamshonea Athmani kofia, wala hakuinua uso.

"Tulia, mama Athmani. Wetu hayumo. Mimi najua."

Wakati huo huo mtu akapiga hodi. Kijana amekonda, anakohoa, kaptula ya jeshi yampwaya. Alikuwa Jefwa. Sindano ikamponyoka Kamaludin.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Kamaludin akasema. "Wewe... watoka wapi?"

"Kambini. Daktari amenitoa jeshini, kifua changu kibovu. Hata nyumbani sijafika, nimeona nianze hapa niwape pole."

"Pole ya nini?" Mwanaesha akauliza.

Jefwa akaketi ukingoni mwa baraza. "Mimi na Athmani tulipimwa siku moja, mama. Maradhi yetu mamoja, na daktari akatuandikia sote turudi nyumbani, kama alivyomwandikia marehemu Thoya kabla kifua hakijamuua. Tukafunga mizigo. Kisha ikaja orodha ya mashine, pamoja na kadi zake. Mimi nikaitwa kwa wanaorudi, Athmani akaitwa kwa wanaopanda meli."

"Na daktari akanyamaza?"

"Alipiga kelele, mama. Wakaitafuta kadi ya Athmani, wakaiinua kwenye mwanga mbele yetu. Haikuwa na tundu la wanaorudi."