Kanisa la Tano

Walipofika kwenye kanisa la tano, Odile hakushuka kwenye baiskeli.

"Umeona jiwe jingine la kusoma, mzee? Mkahawa unaacha kupokea wageni saa nane kamili. Tukichelewa, yule bata wa kuchoma ndiyo basi tena!"

"Dakika mbili tu, mke wangu. Hili ni la kale sana."

"Na yale manne ya asubuhi yalikuwa ya kale! Hata mimi nimekuwa wa kale kwa kukusubiri!"

Mumewe alikuwa amempa mgongo, kiganja kimegandamana na jiwe kando ya mlango, kichwa ameinamisha kama msomaji hodari. Na kilima chenyewe walichopanda kilikuwa kidogo cha kuchekesha tu.

Odile akaibwaga baiskeli kwenye nyasi, akamfuata.

"Haya nisomee, mwalimu, na mimi nijue kuna nini cha maana hapo!"

Alipomkaribia ndipo alipoziona kucha zake. Zilikuwa za bluu. Na jiwe lilikuwa tupu, halina herufi hata moja.

"Lilijengwa na..." mumewe akaanza, pumzi ikamkatika.

"Endelea kusoma, mzee," alisema Odile polepole, mkono wake ukiitafuta simu mfukoni. "Soma tu. Sina haraka."